Uvimbe wa Shingo Usingojee Dozi ya Tatu

Mgonjwa mwenye uvimbe shingoni uliopita wiki mbili bila sababu kujulikana apewe rufaa ya uchunguzi, si dozi nyingine ya antibiotiki kutoka famasi za Kariakoo, Dar es Salaam.

Uvimbe huo huenda ni saratani, na saratani za koo hujificha: tezi huvimba shingoni, kumbe chanzo kimejibana kwenye tonsili au shina la ulimi. Kipimo cha PET-CT hutumia sukari yenye mionzi. Seli za saratani huifyonza kwa pupa, zikang'aa pichani. Picha haithibitishi, lakini huweza kumwonyesha daktari pa kukata kinyama cha kupima. Chanzo kikijulikana, mionzi ya tiba hailazimiki kuenezwa koo zima, na tezi za mate huweza kunusurika.

Kariakoo hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road si safari. Kinachokwamisha ni rufaa na gharama. Wanaopanga bima na bajeti waviondoe vikwazo hivyo sasa.