Ajali ya diski yangu Gotu inatufunza nini?

Nikiwa likizoni nyumbani Gotu, katika kaunti ya Isiolo, tarakilishi yangu ya mezani ilianza kutoa mlio wa kugongagonga, kisha ikakataa kusoma chochote. Diski kuu ilikuwa imekufa. Ndani yake mlikuwamo saa zipatazo 200 za sauti za wazee wa Kiborana niliowarekodi kwa miaka mingi kandokando ya mto Ewaso Ng'iro: nasaba, maombi ya mvua, majina ya visima na ya rangi za ng'ombe. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Habari ilipoenea, mama mmoja mkongwe alinijia akaniuliza, "Mwalimu, sauti ya mzee wangu bado ipo?" Sikuwa na la kumjibu.

Msomaji huenda akadhani kwamba haya ni masaibu ya mtu mmoja na chombo chake. La hasha! Hivi leo picha za arusi, hati za mashamba na hesabu za vyama vyetu vya akiba zimo katika vyombo vya aina hii, nasi twavinunua kama tununuavyo nyanya, kwa kutazama ukubwa na bei.

Mimi mwenyewe nilinaswa. Katika duka moja nililoelekezwa, niliuziwa diski ya nje iliyoandikwa terabaiti 16 kwa bei ambayo ingalipaswa kunitia shaka. Nilipoipima kwa programu ya kukagua ujazo, ilibainika kwamba baada ya gigabaiti chache, maandishi mapya yalikuwa yakifuta ya zamani. Ndani ya kasha mlikuwa na kadi ndogo kama ile ya simu, iliyofanyiwa hila ili iidanganye tarakilishi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba rahisi ni ghali.

Kama mwanaisimu, naona kwamba sehemu ya tatizo ni msamiati. Wauzaji wengi huita kila kitu "memori". Ilhali kumbukumbu ya tarakilishi, ambayo hufutika umeme ukikatika, si sawa na hifadhi, ambayo hubaki. Mnunuzi asiye na maneno ya kutenganisha mambo haya mawili hawezi kuuliza swali linalofaa, na asiyeweza kuuliza huuziwa chochote.

Basi achague vipi? Kwanza, ajue kiasi anachohitaji. Saa moja ya sauti isiyobanwa hula takriban megabaiti 600, hivyo hazina yangu yote haikufika hata gigabaiti 150. Pili, ajue aina. Diski ya sahani zinazozunguka hupatikana kwa bei nafuu kwa kila gigabaiti, lakini huchukia mtikisiko. Diski ya chipu haina kinachozunguka, hutumia umeme mchache, na huifanya hata tarakilishi kongwe iwake upesi. Kwa nyumba itegemeayo umeme wa jua, hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, ikiachwa kabatini muda mrefu bila umeme, chaji inayoshika data huvuja polepole, na joto kama letu la Gotu huharakisha uvujaji huo. Tatu, ahakikishe kwamba itaingia: kuna diski za M.2 za SATA na za NVMe ambazo kwa macho hufanana, lakini si kila tarakilishi huzikubali zote. Mwisho, aombe kuona saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi. Takwimu hiyo hutunzwa ndani ya diski yenyewe, na ijapokuwa wajanja wanaweza kuichezea, mara nyingi huumbua kuukuu iliyovikwa karatasi mpya.

Lakini je, ni haki mzigo wote huu umwangukie mnunuzi? Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na maelezo ya kumwezesha kuzitumia. Kifungu cha 7 nacho kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Vifungu hivi viwili vinakutana katika diski yangu. Wakaguzi wa bidhaa wakilegea, ghushi hujaa sokoni. Na kaunti zisipokuwa na mahali pa kuhifadhia sauti za wazee wao, hazina ya jamii nzima hubaki katika chombo kimoja juu ya meza ya mwalimu mmoja.

Hata hivyo, siwezi kuitupia serikali lawama zote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari moja halitoshi. Sasa nimenunua diski ya chipu ya gigabaiti 500 ya kufanyia kazi, na diski mbili za kuzunguka za nakala: moja itakaa mjini Isiolo, nyingine chuoni. Hakuna diski isiyokufa. Ununuzi wa busara ni ule unaoanza kwa kukubali hivyo.

Sehemu ya sauti zile ilipatikana kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa amezinakili. Nilizisikiliza zote. Sauti ya mume wa yule mama haikuwamo, nami nilikwenda kumwambia mwenyewe.