Haki Kabla ya Mpaka: Risala ya Wakaaji wa Wamaza Kuhusu Pori na Milima

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Maniema, kwa wakubwa wenye kazi ya hifadhi na utalii, na kwa wabunge wetu wa Kasongo na Kabambare.

Waheshimiwa,

Sisi wakaaji wa Wamaza, wakulima na wawindaji, walimu, akina mama wa sokoni, na vijana wanaosukuma baiskeli za mawese na mchele, tumeketi pamoja na wazee wetu wa ardhi, tukazungumza hadi tukasikilizana. Yanayofuata ndiyo maneno yetu. Hatukuja kugombana na Leta, yaani serikali, ila tumechoka kuitikia mambo ambayo hatujaelezwa.

Wageni walitufikia na picha. Tuliona mlima Nyiragongo wa Virunga usiku na ziwa lake la moto, gorila jike na mtoto mgongoni, na watalii wenye fimbo wakipanda kwa mstari nyuma ya mlinzi mwenye bunduki. Wakatuambia: nanyi mna milima upande wa mashariki, mna pori la Luama, mna sokwe, utalii utawafikia, muwe tayari. Tukawapigia makofi, mgeni ni mgeni. Walipokwisha kuondoka tukaulizana: hao wanaoishi chini ya Virunga, miaka mia ya hifadhi imewapa nini? Ndugu zetu wako Goma, wako Sake, wengine Rutshuru, kwa hiyo jibu halikuwa mbali.

Virunga ni volkano nane, zimepangana tangu kwetu Kongo mpaka Rwanda na Uganda. Mlima mrefu kuliko yote ni Karisimbi, mita 4,507. Nyiragongo na Nyamulagira, zote mbili za upande wetu, ndizo zinazotapika hadi leo. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme wa Wabelgiji aliweka sehemu ya milima hiyo chini ya hifadhi na kuipa jina lake mwenyewe, Albert. Gorila wa mlima walipata mlinzi siku ile. Watu waliokuwa wakilima na kuchunga kwenye miteremko hiyo walipata mpaka. Mpaka ulipanuliwa, ardhi zikaingizwa ndani, na mabishano ya nani aliuza, nani alilipwa, nani alifukuzwa tu, yamerithiwa na wajukuu. Ukimuuliza mkulima wa Rutshuru leo hifadhi inaanzia wapi, atakuonyesha mahali pamoja. Mlinzi atakuonyesha pengine. Kati ya vidole hivyo viwili watu wamekufa.

Hatusemi kwamba Virunga ni hasara tupu. Gorila wa Virunga walikuwa wamebaki kama 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hesabu ya 2015 na 2016 ilikuta 604 katika safu hiyo, na ukijumlisha wa Bwindi kule Uganda wanapita elfu moja. Hiyo ni kazi ya watu waliolala kwenye baridi na mvua, wengi wao Wakongo. Matebe, teritware ya Rutshuru, maji ya mto yanatoa umeme tangu 2015 kwa sababu hifadhi ilijenga kituo. Sisi Wamaza tungependa umeme huo hata bila gorila.

Lakini picha zile hazikuonyesha gharama. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa Virunga katika miaka hii ya vita. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja pamoja na dereva na raia wanne. Mnamo Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa, dada mmoja mlinzi akapoteza maisha akiwatetea, na hifadhi ikafungiwa wageni mpaka Februari 2019. Mwezi Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, na nyuma ya risasi hizo ilitajwa biashara ya makala, yaani makaa ya kupikia. Mtu wa Goma anapika kwa makala; makala yanatoka kwenye miti; miti imo ndani ya mpaka. Hakuna bango la utalii linaloweza kumpikia mtu huyo chakula.

Tena lipo jambo la moto wenyewe. Mtalii alilipa dola 300 kupanda Nyiragongo, akaanzia Kibati, akatembea saa tano juu ya mawe ya lava, mpagazi akambebea mfuko, akalala katika kibanda ukingoni mwa shimo ili achungulie ziwa la moto. Ni safari nzuri, aliyeifanya huisimulia maisha yake yote. Mwezi Januari 2002 moto huohuo ulishuka ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena bila onyo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kituo kinachopaswa kuupima mlima kilikuwa kimetoka kwenye miezi ya kukosa fedha na intaneti. Aliyelipa kuutazama mlima alikuwa na mwongozaji na redio ya mawasiliano, lakini mama aliyelala chini yake hakuwa na hata king'ora. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba utalii unaweza kustawi mahali ambapo mwenyeji hajafikiriwa kabisa.

Sasa tuje kwetu.

Kwetu hakuna mlima wa moto, tuseme ukweli kabla mtu hajachapa bango la uongo. Tunao mto Luama, unaoteremka kutoka milima ya mashariki, unapita Kabambare na kumwaga maji yake Lualaba. Milima hiyo ikikatwa miti, sisi wa chini ndio tutakaokunywa matope. Kwa hiyo asije mtu kutufundisha kwamba msitu una faida. Jirani zetu wa Itombwe nao walijua. Mwaka 2006 karatasi ya waziri ilitangaza hifadhi juu ya vijiji vyao nao hawajaulizwa. Ikachukua miaka kumi ya mikutano, wazee na vijana wakichora ramani kwa mikono yao wakionyesha makaburi, mashamba, mahali pa kuwinda na pa kutambikia, ndipo mwaka 2016 mpaka mpya ukakubaliwa, zaidi ya kilomita za mraba 5,700. Tunawapongeza kwa uvumilivu. Lakini kwa nini watu wachore ramani baada ya karatasi badala ya kabla yake?

Wanyama wetu nao wana historia iliyoandikwa, ingawa si na sisi. Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi kati ya 1870 na 1871 akiuguza vidonda vya miguu, na katika shajara zake, zilizochapwa London mwaka 1874, aliandika sana juu ya sokwe wa Manyema, ndiyo Maniema yetu. Kitabu kina hata mchoro wa wawindaji wa kwetu wakiwaua. Tembo wa wakati ule wamekwisha. Walitembea mpaka pwani, meno yao mabegani mwa mababu zetu, na wengi wa mababu hao hawakurudi. Ndiyo maana kuna Wamanyema Ujiji, kuna Wamanyema Unguja, na Dar es Salaam wana msikiti wenye jina letu. Pori lililobaki bila tembo likaachiwa mitego ya waya. Mtego wa waya haujui mimba wala mtoto. Sisi wenyewe tunautega, hatukatai, kwa sababu nyama ya pori ndiyo inayolipa shule wakati mchele unaozea nyumbani kwa kukosa barabara. Na kwa miaka mingi wenye silaha wamekuwa wakikaa porini wakila humohumo. Mwindaji akikutana nao anaacha mawindo, na mara nyingine anaacha na maisha.

Lalamiko letu la kwanza ni hilo la barabara, na tunaomba lisichekwe. Dhahabu ya Kabambare imechimbwa tangu zamani za Wabelgiji. Lakini hadi leo mvua ikinyesha, lori kati ya Kasongo na Kabambare linalala matopeni siku nyingi, na mgonjwa anabebwa kwa kipoyi kama ilivyokuwa mwaka 1890. Mtalii gani atafika? Na akifika kwa ndege ndogo akapita juu yetu, sisi tutakuwa tumepata nini zaidi ya kelele?

La pili ni sheria. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi inataka wakaaji wasikilizwe kabla eneo lao halijafanywa hifadhi. Kuna pia dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, inayoruhusu jamii kupewa msitu wake wenyewe, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha miaka, kwa saini ya Gavana. Zaidi ya miaka kumi imepita. Hapa Wamaza waliowahi kuisikia dekreti hiyo wanahesabika kwa vidole, na mmoja wao ni mwalimu aliyeisoma kwa simu alipokwenda Kindu. Sheria iliyo kwa Kifaransa katika kabati la ofisi ya mbali, kwa mkulima ni kama haijatungwa.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na tumeyapanga kwa uzito wake.

Kabla ya mtu yeyote kuchora mstari wa hifadhi, wa uwindaji au wa utalii katika ardhi za Wamaza, tupewe kwanza hati ya msitu wa jamii kwa mujibu wa dekreti ya 2014. Watumwe wataalamu watusaidie kuchora ramani, wazee watangulie mbele na wataalamu wafuate nyuma, wala si kinyume chake. Wanawake waitwe, maana wanajua chemchemi na kuni ziko wapi kuliko mwindaji. Ndugu zetu Wambuti nao waitwe kwa jina lao. Tangu Julai 2022 nchi ina sheria inayowalinda, na sisi wakulima tumewahi kuwasahau katika mikutano yetu. Hati ikiwa mkononi mwetu, tutazungumza na yeyote juu ya sokwe, na tutakuwa wa kwanza kuondoa waya porini.

Katika fedha za wageni, fungu letu liandikwe kabla ya mgeni wa kwanza. Rwanda ilianza mwaka 2005 kuwapa majirani wa hifadhi asilimia 5 ya mapato ya utalii, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017, mwaka uleule ilipofanya kibali cha kuona gorila kuwa dola 1,500. Uganda inatoa asilimia 20 ya ada ya mlangoni. Nambari yetu tuikubali pamoja mezani, na hesabu isomwe hadharani sokoni kila mwaka. Zahanati na madarasa yasiitwe zawadi ikiwa yamejengwa kwa fungu hilo.

Vijana wetu watakaoajiriwa kulinda pori wasipewe bunduki kabla ya mkataba, mshahara wa kila mwezi na bima ya mjane na yatima. Virunga imetufundisha kwamba mlinzi ndiye anayetangulia kufa. Wapagazi nao wawekewe uzito wa mzigo na bei ya siku. Historia ya upagazi Manyema inatosha. Hatutairudia kwa ajili ya hema la mtalii.

Na kama kweli mnataka watu waje kutembea kwa miguu, msihangaike kututafutia volkano. Fungueni njia ya misafara. Ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo kwa mfanyabiashara Tippu Tip, kisha Nyangwe, ambako tarehe 15 Julai 1871 mamia ya watu waliuawa sokoni. Miembe ya Wangwana, watu wa misafara hiyo, bado inazaa. Wazee wetu wanajua kambi zilikuwa wapi na vivuko viko wapi. Njia hiyo haihitaji kumfukuza mtu shambani. Inahitaji usalama, madaraja, nyumba za kulala wageni zinazomilikiwa na vijiji, na waongozaji waliosomeshwa historia yao kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Mtalii atakula wali na sombe, atalala kwetu, atalipa kwetu. Akitaka kuona sokwe, tutamwonyesha kwenye msitu wenye hati yetu, kwa masharti yetu na ya daktari wa wanyama, kwa kuwa mafua ya mtu humuua sokwe.

Usalama hatuudai kwa maneno mengi. Mnajua makundi yenye silaha ni yapi na yako wapi.

Majibu tunayataka kwa maandishi, kwa Kiswahili na Kifaransa, yabandikwe kwenye ofisi ya sekta na yasomwe msikitini na makanisani, ndani ya siku 90 tangu leo. Jibu la kwanza tunalolingoja ni tarehe ya kufika wachora ramani. Chakula chao na mahali pao pa kulala tumekwisha kuviandaa. Mafuta ya pikipiki waje nayo.

Ni sisi, wazee wa ardhi, wawakilishi wa akina mama, wa vijana, wa wawindaji na wa walimu wa Wamaza.

Nakala: kwa wakuu wa teritware za Kasongo na Kabambare, kwa maimamu na mapadri wetu, na kwa ndugu zetu walioko Kindu, Bukavu na Goma.