Spika Zangu za Paundi Ishirini

Mwezi huu naomba nikiri kosa. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta maboksi makubwa yameziba korido yetu nyembamba hapa Leicester. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai mkononi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Hizi ni zamu ngapi, mama?"

Kwetu ndivyo tunavyohesabu. Kitu kikubwa hatukipimi kwa paundi, tunakipima kwa zamu za usiku, kwa sababu ndiko pesa inakotoka. Spika zile na amplifaya yake zilikuwa paundi 1,400, yaani kama zamu nane baada ya makato. Nami nilikuwa nimezichukua kwa malipo ya awamu, miezi 12, bila kumwambia.

Si kwamba nyumba haikuwa na muziki. Miaka mitatu nyuma nilinunua amplifaya ya mtumba kwa paundi 35 kwenye duka la hisani, na spika mbili ndogo za kuweka juu ya rafu, moja imechubuka kona, kwa paundi 20. Deki ya kaseti nilipewa na nesi mwenzangu aliyekuwa anastaafu.

Deki hiyo niliitaka kwa sababu moja. Nilipoondoka Tanga mara ya mwisho, mama alinipa kaseti tatu za marehemu baba. Mbili ni taarabu za enzi za Black Star na Lucky Star, ambazo baba alizinasa redioni, na wimbo mmoja umekatwa katikati na taarifa ya habari. Ya tatu ni barua. Wakubwa mtakumbuka: kabla ya simu za mkononi, ndugu walioko Maskati na Dubai walikuwa wakitumiana kaseti badala ya karatasi. Baba alikaa mbele ya redio kaseti yake, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akamsemesha baba mdogo aliyekuwa Maskati upande mzima. Baba mdogo alipokuja likizo aliirudisha, ili irekodiwe barua nyingine juu yake. Bahati nzuri haikurekodiwa.

Sasa nini kilinipata? Video. Wakati wa mapumziko kazini nilianza kutazama watu wanaolinganisha spika, na kila video ilinihakikishia kwamba mimi sijawahi kusikia muziki. Ukishatazama kumi, spika yako iliyochubuka kona inaanza kukuonea haya.

Sitasema uongo, spika mpya zilikuwa nzuri. Muziki uliorekodiwa miaka hii ulitoka umeshiba, na kila ala ilikaa mahali pake. Lakini nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na jirani yetu ni bibi wa miaka themanini na kitu anayelala saa tatu. Sikuweza kupandisha sauti hata kufika robo. Nilikuwa nimenunua lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi.

Siku ya tatu nikaweka kaseti ya baba. Spika nzuri haichagui, inatoa kila kilichomo kwenye utepe. Ule mchakacho wa kaseti, ambao kwenye spika za zamani ulikuwa umejificha, ulikuja mbele kabisa, na baba akawa kama mtu anayeongea nyuma ya mvua.

Jumapili nilimpigia mama kumweleza kwamba safari yetu ya Desemba huenda ikasogea hadi mwaka kesho, mambo ya fedha hayajakaa sawa. Hajamwona mjukuu wake kwa miaka minne. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akipenda." Kisha akaniuliza mtoto sasa anavaa kiatu namba ngapi, maana alikuwa amemwekea makubazi.

Usiku ule nilikwenda kazini na makubazi yale kichwani.

Kwa bidhaa nyingi unazonunua mtandaoni hapa Uingereza, sheria inakupa siku 14 tangu mzigo ukufikie kubadili mawazo. Mimi nilirudisha siku ya tisa. Gharama ya kurudisha nililipa mwenyewe, na mkataba wa awamu ukafutwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao niliuacha siku tisa, nikaurudia.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikazipanga vizuri zile spika ndogo. Zilikuwa zimebanwa kwenye kona, na kona huongeza mvumo wa besi hadi maneno ya mwimbaji yanamezwa. Nilizivuta mbele kiasi cha hatua moja, nikaziinua zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Umbali kati ya spika na spika nikaufanya karibu sawa na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti changu. Nikatandika zulia lililokuwa limekunjwa chini ya kitanda na kutundika mapazia mazito, kwa sababu chumba chenye kuta na sakafu tupu hurudisha mwangwi. Yote hayo sikuyatolea hata senti, na tofauti aliisikia hata mume wangu, ambaye kwake muziki ni taarifa ya michezo.

Wanafunzi mnaotamani masabufa ya wati nyingi, nanyi nisikilizeni. Kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, na sikio huiona ni tofauti ndogo. Ili usikie sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo anayekuuzia wati 100 kwa bei mara mbili ya wati 50 hakuuzii kelele mara mbili.

Na hili nalisema kama nesi: linda masikio kabla ya kununua vya kuyafurahisha. Ukivua visikizi na masikio yakabaki yanavuma, sauti ilikuwa kubwa mno. Zile seli ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na hakuna duka linaloziuza, hata kwa awamu.

Simkatazi mtu kununua kitu kizuri. Mwenye nafasi na anunue, na kuta zake ziwe nene. Ninachosema ni kwamba mimi sikuwa nimepungukiwa na spika. Nilikuwa nimechoka, niko mbali na kwetu, nikadhani boksi kubwa litapunguza umbali.

Tiketi za Desemba tumeshakata. Jumamosi iliyopita niliiweka tena ile kaseti, mwanangu wa miaka sita akiwa amekaa juu ya zulia. Baba anamweleza mdogo wake habari za mvua, za harusi ya mtaani, za paa linalovuja. Mwishoni, utepe ukikaribia kwisha, anaharakisha maneno na kumwomba amletee betri kubwa za redio, za hapa zinaisha upesi.

Mtoto akaniuliza, "Mama, babu alizipata betri zake?"

Nikamwambia sijui, tutamuuliza bibi tukifika.

Tukutane mwezi ujao.