Vijana wasilaumiwe kwa kuzaa watoto wachache

Siku hizi penye harusi au matanga hukosi kumsikia mzee akinung'unika kwamba vijana wa mjini wamekataa kuendeleza ukoo. Ati wanazaa mmoja au wawili, kisha wanasema basi. Lawama kubwa humwangukia mke, akaambiwa anaogopa kuharibu umbo lake.

Lawama hizo hazina haki. Utafiti wa 1977-78 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya alizaa watoto 8 kwa wastani. Kufikia 1998 wastani ulikuwa umeshuka hadi 4.7. Basi walioanza kupunguza ni wazee hawa hawa wanaolalamika. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4 nchini kote, na 2.8 mijini. Vijana wanafuata njia waliyoikuta.

Sababu moja ni njema. Zamani wazazi walizaa wengi wakijua kuwa surua, malaria au kuhara kungewachukua baadhi yao. Hata mwaka wa 2003, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kufikia 2022 idadi hiyo ilikuwa 41. Mzazi mwenye matumaini kuwa mtoto wake ataishi hana haja ya kuzaa wa akiba.

Sababu ya pili ni mzigo wa malezi. Kijijini mtoto alilelewa na nyanya, shangazi na majirani. Mjini kuna kodi ya nyumba, karo na mshahara wa yaya. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3, ilhali madaktari wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Msomaji, je, kazini kwako kipo?

Hata hivyo, si kila mtu amepata nafasi ya kuchagua. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 14 ya wanawake walioolewa walitaka kupumzika au kukoma kuzaa, lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Kwa upande mwingine, wapo wanaoahirisha mwaka baada ya mwaka bila kuambiwa kwamba baada ya miaka 35 uwezo wa kushika mimba hupungua haraka, na hatari ya shinikizo la damu na kisukari wakati wa ujauzito huongezeka.

Kwa hivyo mume na mke waende kliniki pamoja, wapate ushauri mapema, waamue wenyewe. Naye mzee anayetamani wajukuu na aache kumsuta mkaza mwanawe. Afadhali amuulize ni nani atakayemlea mtoto mama akirudi kazini.