Hodi Isiyoitikiwa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunaelekeza maneno ya juma hili kwa mama na dada zetu. Baada ya darsa hapa Tarasaa, mama mmoja alituuliza: "Sheikh, nilipokuwa na mimba ya kitindamimba wangu sukari ilipanda. Nilipojifungua nikapimwa, nikaambiwa iko sawa. Miaka sita imepita, leo naambiwa nina kisukari. Kimetoka wapi?"

Mama yetu, hakikuja ghafla. Mola wetu ameweka mwilini kiungo kiitwacho kongosho, nyuma ya tumbo la chakula. Kiungo hiki hutoa homoni ya insulini, ambayo kazi yake ni kubisha hodi kwenye seli za mwili ili sukari ya chakula ipokewe ndani. Mafuta yakijaa kiunoni na viungo vikakosa kazi, seli huwa nzito wa kusikia. Hodi moja haitoshi. Kongosho hutuma insulini zaidi na zaidi. Sukari huingia, kipimo cha damu hutoka kizuri, nasi tukatulia. Lau insulini yenyewe ingepimwa, ingeonekana imepanda. Sisi tumefunzwa kubisha hodi mara tatu, tusipoitikiwa turudi. Kongosho halirudi, hubisha mpaka likachoka. Likichoka, ndipo sukari hupanda na ugonjwa ukatajwa jina.

Huko London, watumishi wa serikali 6,538 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Miongoni mwao, 505 walipata kisukari. Ilionekana kuwa miili yao ilizidi kuwa mizito kwa insulini kwa kasi katika miaka mitano kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Baina ya mwaka wa nne na wa tatu kabla yake kongosho lilijikaza, kisha likalegea.

Ama mimba, huo ni mtihani wa mapema. Homoni zitokazo katika kondo la nyuma huidhoofisha kazi ya insulini, na kongosho lisiloweza kuongeza juhudi hufichuka. Kondo likitoka, sukari hushuka, lakini hatari husalia. Kwa hivyo mama aliyepandwa na sukari katika mimba apimwe tena baina ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikiwa baina ya 6.1 na 6.9, hilo ni onyo, kikifika 7.0 na kikathibitishwa, ni kisukari.

Tena, mwana akiwa na weusi mzito shingoni au makwapani, msimsugue kwa dodoki mkidhani ni uchafu. Huenda ni alama ya insulini iliyozidi. Mpelekeni akapimwe.

Habari njema ni kwamba miaka hiyo ya kimya ni muhula. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliokuwa ukingoni mwa kisukari, wakapunguza uzito kidogo na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari kwa asilimia 58.

Basi tuanze majumbani. Tupunguze sukari katika chai, mahamri yasiwe ya kila asubuhi, na sinia la wali lipate mboga na samaki. Mtume wetu ametufunza kuachia maji na pumzi nafasi zao tumboni. Saumu ya Jumatatu na Alhamisi ina kheri, ila tusiivunje faida yake kwa futari ya sukari. Na anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kufunga.

Mwili ni amana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama aliyetuuliza hakuchelewa kujitunza. Binti zake wana nafasi kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.