Mtoto ufuoni ni amana: Tusafiri kwa maandalizi, si kwa kubahatisha

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola aliyewatiishia wanadamu bahari ili wapate humo riziki, usafiri na kitulizo cha macho. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila zinapokaribia likizo za shule, na hasa ile ndefu ya Novemba na Disemba, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na hata Kampala hufunga safari kwenda kupumzika katika fuo za Unguja. Hilo si jambo la kushangaza. Kisiwa hicho ni nchi ya nje kwa mujibu wa mipaka, lakini si ugenini kwa moyo: lugha ni moja, adhana husikika kila kijiji, na chakula cha halali hakihitaji kutafutwa kwa tochi. Wala sheria yetu haiyakatazi mapumziko ya namna hiyo. Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (RA), na alikuwa mpole kwa watoto hata ndani ya Sala. Anayedhani kuwa ucha Mungu ni kukunja uso mbele ya wanawe hajaisoma sira ikamwingia.

Tunachotaka kukizungumza leo ni namna tunavyojiandaa. Tukiyatazama maandalizi ya wengi wetu tutaona kuwa yanahusu nguo mpya, chumba chenye kutazama bahari, na simu yenye kamera nzuri. Kinachosahauliwa ni bahari yenyewe. Mtoto wa miaka mitatu au minne aliyelelewa ghorofani, ambaye maji mengi aliyoyaona maishani ni yale ya beseni, hupelekwa mbele ya Bahari ya Hindi na kuachwa chini ya uangalizi wa msichana wa kazi ambaye naye hajui kuogelea. Baba yumo kwenye simu, mama yumo katika mazungumzo, na kila mmoja anaamini kuwa mwenziwe anaangalia.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2024 kuhusu kuzama, lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka mitano, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Uzito wa jambo hili ndio uliolifanya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mwaka 2021, kuitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha dunia juu ya kinga ya kuzama.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kuwa mtoto hazami kwa kelele. Tumezoea kudhani kuwa anayezama hupiga mayowe na kurusha mikono. Mara nyingi si hivyo. Mdomo ulio chini ya maji hauwezi kuita, na kifua kinachopigania pumzi hakina nafasi ya kulia. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima, hatua chache kutoka kwa watu wanaocheka, bila ya yeyote kusikia kitu. Hayo hutokea ndani ya muda ambao mzazi anautumia kujibu ujumbe mmoja wa simu.

Yanapotokea, neno la kwanza linalosemwa msibani ni kuwa hiyo ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni la haki. Hakuna jani linaloanguka ila kwa elimu Yake. Lakini neno la haki linaweza kutumiwa mahali pasipo pake. Kuamini kadari hakukuwa kamwe ruhusa ya kuzembea. Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kuwa kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa na Abu Ubaida (RA) kama anaikimbia kadari ya Allah, alimbainishia kuwa wanatoka katika kadari moja ya Allah kwenda katika kadari nyingine ya Allah. Na Mtume (SAW) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Ikiwa hayo ni ya ngamia, itakuwaje kwa mtoto?

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili likielea hewani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa za mwambao wetu hadi leo, ameeleza katika mlango wa diya kuwa mtoto akikabidhiwa kwa mwogeleaji ili amfundishe, kisha mtoto huyo akazama, basi diya huwajibika. Wafafanuzi wa kitabu hicho wakaonyesha sababu yake, kwamba kuzama huko huhesabiwa kuwa kumetokana na upungufu wa yule aliyepewa kumlinda. Hatutoi fatwa hapa ya kumtoza diya mzazi aliyefiwa. Tunachokiashiria ni mizani yenyewe. Ikiwa mgeni aliyekabidhiwa mtoto kwa saa moja haachwi ajitetee kwa kadari, basi baba na mama, ambao Allah (SW) ndiye aliyewakabidhi, wana udhuru gani? Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kuwa ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wapo watakaotukumbusha kuwa anayekufa maji ni miongoni mwa mashahidi. Ni kweli, na hadithi yake ni sahihi. Lakini bishara hiyo ni liwazo kwa waliofikwa, si kibali kwa walioghafilika. Sisi tunaosimamishwa mbele kusalia maiti tunaujua uzito wa jeneza dogo linalobebwa na mtu mmoja mikononi. Hakuna mzazi tuliyewahi kumwona akilifuata jeneza hilo huku akitamani angelikuwa amepiga picha zaidi.

Basi maandalizi yaanze nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari. Kila mtoto awe na hati yake mwenyewe ya kusafiria iliyobakiwa na muda wa kutosha, na akisafiri na mzazi mmoja, pawepo barua ya ridhaa ya mzazi wa pili. Chanjo ya homa ya manjano isiachwe hadi dakika za mwisho, kwani cheti chake huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, na kwa kawaida chanjo hiyo hutolewa kwa watoto kuanzia miezi 9. Malaria imepungua sana Unguja lakini haijatoweka, na mtoto wa nyanda za juu hana kinga ya mwili ya kutegemewa. Aonwe na daktari mapema, na alale ndani ya chandarua. Katika mkoba wa dawa pawepo pakiti za ORS kwa ajili ya kuharisha, dawa ya kushusha homa, na mafuta ya kuzuia jua yanayofaa umri wake. Kisiwa kiko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na jua la huko la adhuhuri halina huruma kwa ngozi changa. Mtoto achezeshwe ufuoni asubuhi mapema na baada ya alasiri, na katikati ya mchana awe kivulini. Aliye chini ya miezi sita asianikwe juani kabisa.

Jambo la pili ni kuijua bahari anayopelekwa. Hapa Muislamu anayefuata tarehe za mwezi mwandamo ana elimu mkononi mwake bila ya kujua. Maji ya mwambao wetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama na unapopevuka, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za Hijria na siku moja mbili zinazofuatia, huwa ni bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika mita 4 hivi. Karibu na tarehe 8 na tarehe 22 huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua. Siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano.

Maana yake kwa mzazi ni hii. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Paje na Jambiani, bahari hupwa ikaenda mbali sana, na watoto wakavutwa kuifuata hadi karibu na mwamba, wakiokota makombe. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta unaoonekana. Hujaza kwanza mabonde na mikondo iliyo nyuma yao, na mtoto akajikuta yuko juu ya kisiwa cha mchanga, na kati yake na nchi kavu pana maji yanayomzidi kimo. Mzazi amuulize mvuvi wa hapo, kwa heshima na salamu, maji yanajaa saa ngapi na wapi pana mkondo. Mvuvi huyo ni mwanachuoni wa bahari yake, na kuuliza wenye kujua ni amri ya Qur'ani. Watoto wavae viatu vya majini, kwa sababu miambani mna viumbe vyeusi vyenye miba mirefu inayokatikia mguuni.

La tatu ni zamu. Uangalizi wa watu wote kwa pamoja ni uangalizi wa hakuna mtu. Ateuliwe mtu mzima mmoja kwa jina lake na kwa muda maalumu, awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, asishike simu, na asiondoke hadi aseme kwa ulimi wake kuwa amemkabidhi fulani. Boya la kupuliza si mlinzi, kwani upepo mmoja wa kutoka nchi kavu hulisukuma hadi kilindini pamoja na aliyelipanda. Bwawa la hoteli nalo lihesabiwe kuwa ni bahari ndogo. Na msichana wa kazi asibebeshwe peke yake mzigo huu. Kumkabidhi binti asiyejua kuogelea roho za watoto watatu ni kumdhulumu yeye pamoja na watoto hao.

Wakati wa Sala nao unahitaji mpango. Tumeona kina baba wakiitika adhana kwa haraka njema, wakawaacha wadogo kando ya maji bila ya mtu. Watoto watolewe majini kwanza, au watu wazima wasali kwa zamu. Wanazuoni wamesema kuwa aliye ndani ya Sala akiona mtu anazama naye ana uwezo wa kumwokoa, basi ni wajibu aikate Sala yake. Dini inayokuamuru uikate Sala kwa ajili ya roho haiwezi kuridhika uiache roho hiyo bila ya ulinzi kwa ajili ya Sala yenye wakati mpana.

Wanaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam wayakumbuke mafunzo ya MV Spice Islander, Septemba 2011, na MV Skagit, Julai 2012. Kila mtoto, hata mchanga, aandikwe katika orodha ya abiria. Mzazi aulize jaketi la kuokolea la kimo cha mtoto liko wapi kabla ya boti kung'oa nanga. Akiona chombo kimejaa kupita kiasi, ashuke. Nauli iliyopotea hulipika.

Ama ibada ya safari, Allah (SW) ametupa wepesi katika Surat An-Nisaa aya ya 101. Lakini kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha Sala zake tangu anapofika. Mwenye likizo ya wiki nzima katika hoteli moja alijue hilo. Vilevile tuwaheshimu wenyeji. Stara haivuliwi mpakani, na vile vigingi na kamba tunavyovikuta majini ni mashamba ya mwani ya kina mama wanaosomesha watoto kwayo. Wetu wasifundishwe kuchezea riziki ya wengine.

Tunamalizia kwa rai moja kwa viongozi wa misikiti, walimu wa madrasa na wazazi. Katika hadithi aliyoipokea Imam Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache ambayo hayahesabiwi kuwa ni mchezo wa kupoteza wakati. Kwa nini basi tunachangishana fedha za mahafali na sherehe, na hatuchangi za kumlipa mwalimu wa kuogelea, wa kiume kwa wavulana na wa kike kwa wasichana, katika bwawa lenye stara? Masomo ya miezi michache hayamwondolei mzazi jukumu la kuangalia, lakini humpa mtoto dakika ya ziada, na dakika hiyo ndiyo mara nyingi hutenganisha safari ya furaha na safari ya maziko.

Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi watoto wetu bara na baharini, awarudishe wasafiri majumbani mwao kwa salama, na awape subira na malipo makubwa wazazi waliokwisha kufikwa. Wabillahi tawfiq.