Matunzo ya mtoto ni deni, yadaiwe kama deni

Mwanamke aliyetelekezewa mtoto hakosi washauri. Shangazi, jirani, mzee wa kanisa, hata mjumbe wa nyumba kumi, wote humpa neno lilelile: mwachie Mungu, mtoto atakua, na damu yake itamrudisha kwa baba. Ushauri huo unapita kama busara. Ni ukatili, na gharama yake anaibeba mtoto anayerudishwa nyumbani leo kwa kukosa sare, huku damu hiyo ikisubiriwa miaka ishirini.

Chini ya ushauri huo kuna imani kwamba matunzo ni hisani ya baba: akijisikia atatoa, asipojisikia asisihiwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Inamtambua mtoto kuwa mwenye haki, na inaruhusu hata ndugu au ofisa ustawi wa jamii kupeleka maombi mahakamani. Kabla yake tulikuwa na sheria ya enzi za mkoloni ambayo, kwa mtoto wa nje ya ndoa, haikuruhusu baba atozwe zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Tuliiacha vitabuni miongo mingi baada ya Uhuru, wala sishangai, maana sheria ile na ushauri wa shangazi ni ndugu wa tumbo moja.

Tunakoshindwa hasa ni kuzipata fedha zenyewe. Hakimu anatoa amri, baba analipa miezi miwili, kisha anabadili namba ya simu. Kazi yote inamrudia mama: amsake anakoishi, aombe utekelezaji, afunge genge lake siku nzima akisubiri shauri litajwe. Aprili 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alipowaita kina mama waliotelekezewa watoto, walifurika ofisini kwake. Wapo waliocheka. Umati ule ulikuwa wa watu ambao haki yao ipo kwenye karatasi na haijawahi kufika jikoni.

Nisiambiwe serikali haina uwezo. Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla mwenyewe hajauona, na akihamia kampuni nyingine deni linamfuata. Kwa nini deni la shahada lifukuziwe namna hiyo, na deni la uji na dawa liachiwe maombi? Amri ya matunzo iende moja kwa moja kwa mwajiri. Malimbikizo yadaiwe mahakamani na ustawi wa jamii kwa niaba ya mtoto, mama abaki na kazi ya kulea.

Watasema wengi hawana ajira rasmi. Kweli, na ndiyo maana sheria inamtaka hakimu apime kipato cha wazazi na gharama za maisha za eneo anakoishi mtoto. Dereva wa bodaboda hatatozwa kama meneja wa benki. Lakini dereva huyohuyo anapeleka hesabu kwa tajiri wake bila kukosa, kwa sababu anajua asipopeleka atanyang'anywa chombo. Mwanawe naye ana haki ya kuwekwa kwenye hesabu hiyo.